Kibarua cha Mwanachuo: Kuajiri na Kusimamia Wanafunzi katika Kampasi ya Katavi

Mwanafunzi anayefanya kazi katika chuo anachosoma ana mabwana wawili ndani ya uzio mmoja. Asubuhi yumo darasani, anapimwa kwa alama. Alasiri yumo maktaba, maabara au kwenye manzuki, mahali pa mizinga ya nyuki, anapimwa kwa saa alizofanya na kazi aliyoimaliza. Katika chuo kikubwa mabwana hao hawajuani: mkuu wa zamu maktaba hana habari na mwalimu wa takwimu. Katika kampasi ndogo iliyo mbali na mji, mabwana hao mara nyingi ni mtu mmoja. Mwalimu aliyesahihisha jaribio la jana ndiye leo anayetia saini daftari la mahudhurio ya kazi. Karibu kila jambo gumu katika ajira ya wanafunzi hutokana na hilo, na karibu kila dawa yake huanzia kwenye karatasi.

Kabla ya karatasi kuna jina. Katika vyuo vya Tanzania shughuli tatu zisizofanana hufanywa na mwanafunzi yuleyule, akiwa ndani ya ovaroli ileile, na kwa sababu hiyo huchanganywa. Ya kwanza ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huita "field": ni sehemu ya mtaala, yana alama, yana msimamizi wa kitaaluma, na asiyeyafanya hahitimu. Ya pili ni kujitolea: mwanafunzi hutoa muda wake kwa hiari, haandikiwi alama wala halipwi ujira, ingawa anaweza kupewa nauli na chakula. Ya tatu ni kibarua: chuo kina kazi inayotakiwa kufanyika, mwanafunzi ana saa za ziada, na baina yao kuna fedha. Mizinga ileile ishirini inaweza kukaguliwa Jumatatu kama somo, Jumatano kama kujitolea na Jumamosi kama kibarua. Anayeikagua hana budi kujua yuko katika siku ipi kati ya hizo. Asipojua, ataambiwa ni "field" siku ya malipo na ni kibarua siku ya lawama.

Neno kibarua lenyewe linastahili kutazamwa. Ni barua iliyofanywa ndogo: karatasi aliyopewa mtu kuthibitisha kwamba amefanya kazi ya siku. Wakati wa ukoloni ulikuwapo pia mfumo wa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa kadi ilipojaa. Wanyamwezi, Waha na Wafipa waliokwenda umanamba kwenye mashamba ya mkonge walikijua kipande vizuri, na walijua pia namna mnyapara alivyoweza kukataa kukitia alama kwa siku ambayo jasho lilikwisha kumwagika. Pamoja na ubaya wake wote, mfumo ule ulikubali jambo moja: siku ya kazi lazima iandikwe mahali. Leo mtu akisema "ni kibarua tu" ana maana ya kazi isiyo na karatasi yoyote. Neno limegeuka kinyume cha asili yake, na mgeuko huo haukumfaa mfanyakazi.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, makao makuu yakiwa Mpanda. Elimu ya chuo kikuu imeufikia kwa njia mbili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo cha mkoa. Huko mwanafunzi wa kawaida ni mtu ambaye tayari ana ajira, awe mwalimu, muuguzi au karani wa halmashauri, na swali lake limepinduka: je, mwajiri atampa nafasi ya kusoma? Njia ya pili ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa kifupi SUA, kilichozaliwa Morogoro mwaka 1984, ambacho kimefungua Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, wilayani Mlele, nyumbani kwa waziri mkuu mstaafu ambaye jina lake kampasi imelichukua. Fani inayoitambulisha ni usimamizi wa rasilimali za nyuki. Chaguo hilo halihitaji maelezo marefu katika mkoa uliofunikwa na miombo, ambao asali yake, hasa ya upande wa Inyonga, ina jina sokoni.

Kampasi ya namna hii huwa na kazi nyingi ndogondogo ambazo hakuna hata moja inayotosha kuwa ajira ya kudumu: kupanga vitabu, kuhudumia chumba cha kompyuta, kuingiza takwimu za utafiti, kupokea wageni wa mwaka wa kwanza, kumwagilia miche, kupaka nta mizinga mipya, kuitundika, kuikagua, kurina, kuchuja na kufungasha. Taasisi ya umma haiajiri bila kibali cha serikali, na kibali hakiombwi kwa ajili ya saa kumi za kazi kwa wiki. Kumleta mtu kutoka Mpanda nako ni taabu. Barabara hupita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na hakuna atakayevuka mbuga kwa bodaboda kila siku akifuata nusu siku ya kazi. Mwanafunzi yupo tayari hapohapo. Huko kuwapo hapohapo ndiko faida yake na ndiko mtego wake: aliye karibu huitwa wakati wowote, na anayeitwa wakati wowote hakuna anayehesabu saa zake.

Mazoea ya kumwona msomi kijana kama nguvu kazi isiyolipwa yana historia yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo makato ya mshahara, na karibu 400 kati yao wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Machi 1967 ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ziwe pia mashamba na karakana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaweka sharti la kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Katika fikra hiyo, kazi ya mwanafunzi ilikuwa deni kwa wakulima waliomlipia, kwa hiyo haikuulizwa bei. Fikra ilikuwa na heshima yake. Lakini ilihusu deni la msomi kwa nchi; haikuhusu deni la mwanafunzi kwa idara inayotaka stoo yake ifagiliwe.

Kwingineko suala hili lilipangwa kwa njia nyingine. Berea College, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1855, haimtozi mwanafunzi ada ya masomo, lakini kila mmoja lazima afanye kazi angalau saa 10 kwa wiki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 ilianzisha mpango wa serikali kuchangia ujira wa wanafunzi wenye uhitaji, na Waafrika Mashariki wanaosoma huko kwa viza ya mwanafunzi wanajua kwa moyo kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina mpango wa kazi na masomo kwa wanafunzi wasiojiweza. Tanzania ilichagua njia ya mkopo, kupitia Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004; kibarua kikaachwa mikononi mwa kila chuo, na ndani ya chuo mikononi mwa kila idara.

Kukosekana kwa mpango hakumaanishi kukosekana kwa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huwahusu wafanyakazi wote wa Tanzania Bara isipokuwa walio katika vikosi kama jeshi, polisi na magereza. Haimtoi mwanafunzi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo huenda mbali zaidi: inataja dalili ambazo hata moja ikiwepo, mtu hudhaniwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vingine. Miongoni mwake ni kuwa chini ya maelekezo ya mwingine, kupangiwa saa, kupewa vifaa vya kazi, na kufanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 11 kwa wiki zinatosha kuvuka kiwango hicho cha mwisho. Hata bila kukivuka, mwanafunzi anayevaa ovaroli ya chuo, anashika bomba la moshi la chuo na kuambiwa afike saa 10 alasiri amekwisha kuangukia dalili nyingine tatu. Kumwita "msaidizi wa kujitolea" kwenye orodha hakubadilishi kitu.

Aina ya mkataba unaofaa kwa kawaida ni ule wa kazi maalumu: kazi inatajwa, mwanzo na mwisho wake unatajwa. Anayefanya kazi siku 6 au zaidi kwa mwezi anastahili kupewa maelezo ya maandishi tangu anapoanza: kazi gani, wapi, saa ngapi, kwa ujira gani na unakokotolewaje. Sheria inaongeza sharti ambalo husahaulika kirahisi, kwamba mwajiri ahakikishe maelezo hayo yamefafanuliwa kwa namna ambayo mfanyakazi anaelewa. Mkataba wa Kiingereza wa kurasa nne, unaotiwa saini kwenye kona ya meza ya karani huku foleni ikisubiri, hautimizi sharti hilo hata kama mtia saini anasoma shahada. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha kwa kazi nyingi za wanafunzi. Wenye umri chini ya miaka 18 hawapewi kazi za hatari. Vyuoni hawa ni wachache, lakini tarehe ya kuzaliwa huangaliwa.

Kuajiri huanza kwa kuiandika kazi, na hapo makosa huwa mengi kuliko kwenye usaili. Tangazo linalosema "anahitajika mwanafunzi mchapakazi wa kusaidia shughuli za idara" halijatangaza kazi; limetangaza hitaji la mtu wa kutumwa. Tangazo zuri husema: wanafunzi wanne, kukagua mizinga 40 kila Jumamosi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 5, kujaza fomu ya ukaguzi, kuanzia wiki ya pili ya muhula hadi wiki ya kumi na mbili, ujira kwa saa kiasi fulani, malipo tarehe fulani. Likibandikwa ubaoni na kupitishwa kwenye makundi ya simu ya madarasa yote kwa siku ileile, huzuia nafasi kuishia kwa marafiki wa kiongozi wa darasa aliyeliona kwanza. Katika jamii ndogo kila mtu ni mtoto wa fulani, na fulani huyo hujulikana. Kuandika vigezo kabla ya kupokea majina ndiyo njia pekee ambayo msimamizi anaweza baadaye kumwangalia usoni mjomba wa aliyekosa.

Vigezo vyenyewe hutegemea lengo, na mara nyingi malengo hugombana. Ikiwa kibarua kinakusudiwa kuwasaidia wasio na uwezo, hali ya kifedha hupewa uzito, na taarifa zake hupatikana kwa mshauri wa wanafunzi, hazitangazwi ubaoni. Ikiwa kinakusudiwa kukuza ujuzi, mwaka wa masomo na somo alilokwisha kulipita ndivyo vinavyoangaliwa. Ufaulu wa chini si sababu ya kumkataa mtu moja kwa moja, lakini mwenye masomo ya kurudia hapewi zamu karibu na mitihani ya marudio. Kuna ubaguzi mmoja ambao kwenye kazi ya nyuki hujificha ndani ya huruma: kwamba wasichana wapelekwe kwenye kufungasha na wavulana kwenye mizinga, kwa kuwa zamani mizinga ya magome ilitundikwa juu kabisa ya miti na kupanda mti ilikuwa kazi ya mwanamume. Mizinga ya masanduku hukaa kwenye vichanja au hutundikwa kwa waya kimo cha kifua. Hoja ya kupanda mti haipo tena, na sheria inakataza ubaguzi wa kijinsia katika ajira.

Usaili wa dakika kumi unatosha, ukiwa na maswali matatu ya kweli. La kwanza ni ratiba: mwombaji alete ratiba yake ya vipindi, aionyeshe, na saa za kazi zichorwe juu yake kwa kalamu. La pili ni kazi nyingine: wapo wanaoendesha boda usiku au kuuza chipsi katika mji mdogo wa Majimoto, nao si waongo, ila saa zao zimeuzwa tayari. La tatu ni afya, na huulizwa faraghani: je, amewahi kuumwa na nyuki, na ilikuwaje? Uvimbe wa mkono ni kawaida. Kubanwa na pumzi, kuvimba midomo au kuzirai ni habari nyingine. Mtu huyo hupelekwa maktaba au kwenye takwimu, kwa ujira uleule.

Usimamizi ndiyo sehemu ndefu zaidi ya suala hili, na unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa jioni moja ya kurina. Nyuki wa Afrika Mashariki ni wakali, kwa hiyo kazi huanza jua likielekea kuzama. Saa 12 jioni wanafunzi watano wamesimama kando ya gari, mita mia na zaidi kutoka kwenye manzuki. Fundi wa manzuki, mtu mzima aliyejifunza kazi hii kwa baba yake kabla haijawa shahada, anawasha bomba kwa magunzi makavu ya mahindi na majani, anapuliza mpaka moshi utoke mweupe na wa baridi. Kisha anafanya jambo ambalo mgeni huliona kama utani: anampitia kila mmoja, anavuta zipu ya kofia yake, anaingiza kidole chini ya mpira wa kifundo cha mkono, anaangalia suruali ilivyofungwa ndani ya buti. Zipu ikibaki wazi kwa upana wa kidole, nyuki wa kwanza ataiona ndani ya dakika moja. Akichoma, huacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake. Mwanafunzi mwenye nyuki ndani ya kofia hukimbia, na anapokimbia huangusha fremu. Yote hayo yamezuiwa, au hayakuzuiwa, pale kando ya gari.

Kumi na mbili na nusu mzinga wa kwanza unafunguliwa. Kila mmoja ana kazi moja tu: mmoja moshi, mmoja kunyanyua fremu, mmoja brashi, mmoja ndoo na kifuniko chake, mmoja tochi na daftari. Fremu isiyofunikwa kwa nta walau robo tatu hurudishwa; asali hiyo bado ina maji mengi na itachacha. Sega lenye watoto wa nyuki nalo hurudishwa. Anayeandika huandika namba ya mzinga, fremu zilizotolewa, fremu zilizoachwa, dalili za siafu au nyegere. Saa 3 na nusu usiku ndoo ziko garini.

Sasa yatazamwe mambo ya msimamizi ndani ya jioni hiyo. Saa zote zilizopita baada ya saa 2 usiku ni kazi ya usiku kisheria, na kila saa ya usiku huongezewa angalau asilimia 5 ya ujira. Saa moja na nusu hiyo huandikwa peke yake daftarini. Wanafunzi hurudishwa hadi mlango wa bweni kwa gari la chuo. Katika nchi ambayo viboko wa mto Katuma hutoka kulisha usiku na tembo hawatii alama za barabarani, kumwachia mtu ajitafutie usafiri si suala la kuokoa mafuta. Kipindi cha saa 1 asubuhi kesho yake hakijaahirishwa kwa ajili ya nyuki. Kwa hiyo zamu haipangwi usiku wa kuamkia jaribio. Na kama mmoja amechomwa mara nyingi, ajali huandikwa usiku uleule, kwa sababu madai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi husimama juu ya kumbukumbu ya aliyekuwapo, si juu ya huruma ya waliosikia kesho yake.

Ugumu mkubwa wa ratiba katika eneo la miombo ni kwamba msimu mkuu wa kurina huja mvua zikishaisha, kuanzia karibu Mei, na muhula wa pili huelekea mitihani wakati huohuo. Nyuki hawafuati kalenda ya seneti. Msimamizi anayengoja Mei ndipo atafute watu hujikuta akiwabembeleza walewale wanaopaswa kuwa maktaba. Wanaofanya vizuri huajiri mapema, mara mbili ya idadi wanayohitaji kwa usiku mmoja, kutoka miaka tofauti ya masomo, na kuwaachia wabadilishane zamu kwa sharti moja: mbadilishano uandikwe kabla ya saa 6 mchana. Wiki mbili za mitihani hufungwa kabisa. Ikibidi, watumishi wenyewe huvaa mavazi ya kinga. Sio jambo baya. Wapo ambao hawajaingia manzuki tangu walipopandishwa cheo.

Nani amsimamie nani nalo ni suala. Fundi wa manzuki ana uzoefu wa miaka lakini hana shahada. Mwanafunzi ana mwaka mmoja tu kabla ya kuipata. Mwanafunzi humwamkia "shikamoo, mzee" bila shida, kisha anapoambiwa arudishe fremu hubisha kwa kutumia alichosoma. Dawa si kumpa fundi cheo cha heshima. Inatosha mwalimu aseme mara moja, mbele ya wote, siku ya kwanza, kwamba ndani ya manzuki neno la mwisho ni la mzee, na maswali ya kitabuni yataulizwa wakirudi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayepewa kuwaongoza wenzake wa mwaka wa kwanza huhitaji msaada wa aina nyingine: huona aibu kuwaandika wachelewaji ambao analala nao chumba kimoja. Daftari la mahudhurio akae nalo mtumishi, yeye aachiwe kuongoza kazi.

Linabaki lile la mabwana wawili katika mtu mmoja. Mwalimu anayefundisha somo na papo hapo kusimamia kibarua ana kalamu mbili, ya alama na ya saa. Mwanafunzi anayeombwa abaki saa mbili zaidi bila kuandikwa hukubali, na hakuna anayeweza kujua kama amekubali kwa moyo au kwa hofu ya mtihani. Yeye mwenyewe huenda hajui. Mahali walimu ni wengi, kalamu hizo hutenganishwa. Mahali ni wachache, saa hutiwa saini na mtu wa pili, hata akiwa karani, na mwanafunzi hubaki na nakala. Kuna upande mchafu zaidi wa jambo hili. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai kwa mwenye mamlaka anayeitaka kama sharti la ajira, kupandishwa cheo au upendeleo mwingine. Anayeshika kalamu zote mbili ana mambo mawili ya kutishia nayo, na mwanafunzi lazima aambiwe tangu siku ya kwanza ni kwa nani, nje ya idara hiyo, anaweza kupeleka malalamiko.

Kazi za ofisini huonekana salama, na kwa mwili ni salama. Lakini mwanafunzi anayeingiza majina, matokeo au taarifa za mikopo kwenye kompyuta huona mambo ya wenzake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humbana anayeshughulika na taarifa hizo, na chuo ndicho kitakachojibu. Apewe nywila yake mwenyewe, isiyofungua zaidi ya anachohitaji, na asiachwe aingie kwa nywila ya bosi kwa kuwa bosi yuko safarini Dodoma.

Kuhusu ujira, kiasi huwasumbua wanafunzi kidogo kuliko tarehe. Posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo, maarufu kama bumu, ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, nayo huja kwa mafungu. Kati ya fungu na fungu ndipo watu hukopa kwa mama ntilie. Kibarua cha shilingi elfu chache kinacholipwa kila Ijumaa kinafaa kuliko kikubwa kinachosubiri hati ya malipo izunguke Morogoro miezi miwili. Idara isiyo na fedha mkononi isianze kazi.

Makato nayo yana mpaka. Mwanafunzi akivunja refraktomita, kifaa cha kupimia maji yaliyomo katika asali, haikatwi fedha yake hivihivi. Ni lazima uharibifu uwe umetokana na kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, akubali deni kwa maandishi, lisizidi thamani halisi, na makato yote yasivuke robo ya ujira wake. Kwa kuwa ujira wa mwanafunzi ni mdogo, robo hiyo itakuwa ndogo sana. Ni afadhali kununua refraktomita mbili na kumfundisha namna ya kuifuta.

Kuna wakati kibarua huota nyasi. Kabla ya miezi 6 mfanyakazi hana ulinzi kamili dhidi ya kuachishwa isivyo haki, lakini notisi ipo palepale: siku 7 katika mwezi wa kwanza, kisha siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki na 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kuchelewa mara ya kwanza husahihishwa kwa maneno, kando, si mbele ya wenzake. Mara ya pili kwa maandishi mafupi. Kufika manzuki amelewa hakuna mara ya pili. Kosa la kazini hushughulikiwa kazini. Kulipeleka kwenye kamati ya nidhamu ya wanafunzi, ambako adhabu inaweza kufikia kusimamishwa masomo, ni kumhukumu mtu kwa jina lake la pili. Upande wa pili nao ni kweli: anayefeli somo hafukuzwi kazi kwa hilo peke yake, ila saa zake hupunguzwa kwa mazungumzo.

Mwisho wa msimu kuna makabidhiano. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu huzunguka manzuki na atakayempokea, mzinga kwa mzinga, daftari mkononi: huu malkia wake ni mpya, huu uhamishwe kabla ya mvua kwa kuwa siafu wamepita chini yake, huu mguu wa kichanja umeliwa na mchwa. Kisha hurudisha ovaroli na buti, na kupewa cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokwisha. Cheti hicho hutaja jina, kazi aliyofanya na tarehe alizoanza na kumaliza. Alama za masomo haziandikwi humo. Nakala moja huingia kwenye jalada la idara, na nyingine huondoka na mwenyewe kwenye basi la Mpanda.